Nyumba iliungua, ua ukabaki: historia ya urugo kwenye ufuko wa Rumonge

Kwa Kirundi neno urugo lina kazi nyingi. Urugo ni ua unaozunguka nyumba. Urugo ni nyumba yenyewe na kila kilichomo ndani. Urugo pia ni familia: kijana akioa tunasema amejenga urugo, kwubaka urugo, hata kama bado anapanga chumba kimoja mjini. Na ukoo wake unapoenda kwa mara ya kwanza kuulizia binti, hatua hiyo inaitwa gufata irembo, yaani kushika mlango wa ua. Ukisikiliza maneno haya vizuri unaelewa kwamba kwa wazee wetu ua haukuwa pambo la nyumba. Ua ndio uliokuja kwanza, nyumba ikafuata.

Naandika haya kwa sababu ya swali ambalo vijana ninaofanya nao kazi hapa kambini wanalirudia kila wakisikia habari za kurejea kwa hiari: "Tukirudi, tutajuaje kwetu ni wapi?" Wengi wao walizaliwa Tanzania. Wengine, kama mimi, walizaliwa kambini, wakaishi Rumonge miaka michache, wakakimbia tena mwaka 2015. Swali lao linaonekana dogo, lakini ndani yake kuna historia nzima ya ufuko wetu wa Tanganyika. Na sehemu kubwa ya historia hiyo imeandikwa kwa miti iliyopandwa kuzunguka nyumba.

Ua wa baridi

Tuanzie juu, milimani, kwa sababu huko ndiko urugo unakoonekana kwa sura yake ya zamani. Ukitoka Rumonge kwenda Bururi, barabara inapanda kwa saa chache tu, lakini ni kama umeingia nchi nyingine. Rumonge iko karibu na usawa wa ziwa, kama mita 775 juu ya bahari, na usiku watu wanalala wamesukuma shuka pembeni. Mugamba kuna vilima vinavyopita mita 2,000, na mlima Heha, mrefu kuliko yote Burundi, unafika mita 2,684. Huko usiku ni baridi ya kweli. Upepo unapita juu ya majani ya malisho bila kitu cha kuuzuia, na mvua ya mawe si hadithi.

Mtu wa Mugamba alipochagua ua, alichagua kwanza dhidi ya upepo, halafu kwa ajili ya ng'ombe, mwizi akaja nyuma. Ua ulikuwa wa mviringo, mnene, wenye mlango mmoja. Jioni ng'ombe waliingia uwanja wa mbele, na moto wa igicaniro uliwashwa katikati yao. Moshi ulifukuza nzi, na joto lilibaki ndani kwa sababu ua uliukata upepo. Bila ua mzuri, moto huo ungeota mlima mzima na wewe ungebaki na baridi yako.

Kazi ya kuujenga ilikuwa na utaratibu. Mianzi au fito zilisukwa kwa haraka ili familia ipate kinga ya msimu wa kwanza. Lakini fito kavu zinaliwa na mchwa, zinaoza, baada ya miaka michache unaanza upya. Kwa hiyo katikati yake walichomeka vijiti vibichi, hasa vya umuvumu, ambao ni mti wa jamii ya mkuyu. Vilikatwa vinene, vikachomekwa mvua zinapoanza, vikashika mizizi. Ua mkavu ulipoanguka, ua hai ulikuwa umeshasimama. Baadaye, wakati wa ukoloni, ikaja mikaratusi na saiprasi, na hadi leo kwenye misheni nyingi za milimani utaona saiprasi zimekatwa sawasawa kama ukuta.

Ua wa ziwani

Ukishuka Imbo, yaani tambarare ya ziwa, mahitaji yanageuka. Hapa huhitaji kuzuia upepo. Unauomba uingie! Watu wa ziwani walitaka ua unaopitisha hewa lakini unaozuia macho, na unaozuia mbuzi wasiingie kwenye mihogo. Vifaa vilikuwepo karibu: matete ya kwenye mito na makuti ya michikichi, kwa sababu Rumonge ni nchi ya mawese. Mate­te yanasimamishwa, yanabanwa kwa fito za kulala, yanafungwa kwa kamba za mgomba. Ni kazi ya siku mbili tatu, na inadumu misimu michache tu.

Rumonge pia ilikuwa na ua wa aina nyingine. Wafanyabiashara Waswahili wa Ujiji walifika karne ya 19, na dini yao, lugha yao na nyumba yao vikabaki mjini. Nyumba ya Kiswahili inatazama njia. Mbele kuna baraza ambapo mgeni anakaa, na ua uko nyuma, ambako akina mama wanapika na kuongea bila kuonwa. Urugo wa Kirundi unazunguka kila kitu na mgeni anasubiri irembo. Kwa hiyo katika mji mmoja mdogo kulikuwa na namna mbili za kumpokea mtu, na watu walijua zote mbili.

Kwa ua wa kudumu, ufuko ulitegemea mnyaa, ule mti usio na majani ya maana, wenye vijiti vya kijani kama penseli, ambao sehemu nyingine za Tanzania wanauita manyara. Unakata tawi, unaliacha kivulini siku kadhaa mpaka utomvu ukauke kwenye kidonda chake, unachomeka. Hautaki maji mengi wala udongo mzuri. Mbuzi hawali. Utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari, mtu anaweza kukaa siku kadhaa haoni, na ndiyo maana watoto walikatazwa kuuchezea. Wavuvi wa zamani walijua pia kwamba utomvu huo unalewesha samaki.

Mnyaa una sifa moja zaidi ambayo ndiyo inatuhusu leo. Ukishashika, haufi kirahisi. Nyumba ya udongo ikiachwa inaanguka baada ya mvua chache. Mnyaa unabaki.

Fimbo iliyochomekwa ardhini

Zamani hakuna aliyekuwa na karatasi ya kiwanja. Karatasi ilikuwa majirani. Mgogoro wa mpaka, urubibe, ulipelekwa kwa abashingantahe, wazee waliokubalika kwa haki yao. Jina lao lenyewe linatokana na kuchomeka fimbo, intahe, ardhini. Gushinga ni kusimamisha kitu kwenye udongo: fimbo ya hukumu, nguzo ya nyumba, kijiti cha ua. Walikuja mahali penyewe, wakasikiliza pande mbili na majirani, wakaonyesha mstari. Hapo ndipo mti wa mpaka ulipopandwa, mbele ya macho ya watu.

Jambo hili halikuwa la Burundi peke yake. Wachagga wa Kilimanjaro wanatumia masale kuweka mpaka wa kihamba, na jani la masale hilo hilo linapelekwa kuomba msamaha. Hata huko, mmea wa mpaka ni mmea wa amani, kwa sababu umepandwa baada ya watu kukubaliana.

Kwa hiyo ua hai ulikuwa ushahidi. Ukitaka kujua familia imekaa mahali kwa muda gani, ulitazama unene wa mashina.

Mwaka 1972

Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulianza kusini, Rumonge na Nyanza-Lac zikiwa miongoni mwa sehemu za kwanza. Watu wengi, hasa Watutsi, waliuawa kwenye ufuko huu. Kisha jeshi na serikali vikaanza kuwaua Wahutu nchi nzima kwa miezi. Makadirio mengi ya waliokufa yako kati ya 100,000 na 300,000. Waliopona kwenye ufuko walivuka ziwa kwa mitumbwi au walifuata pwani hadi Tanzania. Serikali ya Tanzania iliwapa makazi Ulyankulu kuanzia 1972, Katumba 1973 na Mishamo 1978. Huko walifyeka pori na kupanda nyua mpya.

Nyuma yao ardhi haikukaa bure. Ufuko wa Rumonge una rutuba na michikichi inaleta pesa. Mashamba ya waliokimbia yalichukuliwa na majirani, yaligawiwa na viongozi, mengine yaliingia kwenye miradi ya serikali ya michikichi na kupewa wakulima kutoka mikoa mingine. Baadhi ya waliopewa walijua. Wengine walipewa karatasi na ofisi ya serikali, wakaamini, wakajenga, wakazaa. Sheria ya ardhi ya tarehe 1 Septemba 1986 ikasema kwamba mtu aliyekaa kwenye ardhi miaka 30 anaweza kuwa mwenyewe. Ukihesabu kutoka 1972, miaka 30 inaisha 2002, na wakati huo wakimbizi wengi wa 1972 walikuwa bado Tanzania.

Mkaaji mpya wa kiwanja mara nyingi alifanya kitu cha kwanza ambacho mtu yeyote angefanya: alirekebisha ua. Wengine waling'oa wa zamani kabisa. Wengine walisuka matete mapya mbele ya mnyaa wa zamani, na mnyaa ukaendelea kukua nyuma yake.

Waliporudi

Mkataba wa Arusha wa tarehe 28 Agosti 2000 uliahidi kwamba wakimbizi watarudishiwa mali zao. Mwaka 2006 iliundwa Tume ya Taifa ya Ardhi na Mali Nyingine, ile tunayoiita CNTB. Mwaka 2008 makundi makubwa ya watu wa 1972 yakaanza kurejea, wakati zaidi ya 160,000 walichagua uraia wa Tanzania.

Mzee mmoja wa hapa kwetu alinieleza namna alivyotafuta kwao. Nyumba hakuna, njia imehamishwa, majirani ni sura ngeni. Alichokipata ni mwembe na safu ya minyaa iliyonenepa kama paja. "Nilihesabu hatua kama baba alivyonifundisha," alisema, "nikafika kona." Ushahidi wa namna hii, miti na mtu wa kuithibitisha, ulikuwa ndio silaha ya wengi waliorudi mikono mitupu.

Miaka ya mwanzo tume ilipendelea kugawana: kiwanja kinakatwa mara mbili, aliyerudi huku, aliyekaa kule. Kuanzia 2011, chini ya uongozi mpya, ikaelekea kumrudishia aliyekimbia ardhi yote. Mwaka 2014 ikatungwa sheria ya mahakama maalum ya ardhi na mali nyingine. Kila njia ilikuwa na maumivu yake. Aliyegawana aliona nusu ya kaburi la babu yake iko kwa jirani. Aliyenunua kwa nia njema alitolewa bila fidia ya kutosha. Nimeona Rumonge uwanja mmoja uliopasuliwa na safu ya matete, familia mbili zinachota maji bomba moja, watoto wanapita kwenye tundu walilolitoboa wenyewe. Wakubwa walifunga lile tundu, watoto wakalifungua tena.

Kwa wasio na kwao kabisa vilijengwa vijiji vya amani, mfano Mutambara hapo Rumonge. Nyumba ziko kwa mistari, bati jipya, viwanja vidogo. Kwa mtu wa shirika ni kijiji kizuri. Kwa Mrundi, nyumba bila ua ni nyumba ambayo haijawa urugo, na watu walianza kupanda vijiti mara tu walipokabidhiwa funguo. Pale ambapo mpaka wa kiwanja haukuonyeshwa wazi, kijiti hicho kilikuwa mwanzo wa ugomvi.

Ziwa nalo lina mpaka wake

Tusisahau mdai wa tatu, ambaye hana karatasi wala ukoo. Tanganyika inapanda na kushuka. Karne ya 19 ilipanda sana hadi mwaka 1878 maji yakavunja kizuizi cha mto Lukuga, upande wa Kongo, ikashuka. Ikapanda tena miaka ya 1960. Na miaka hii ya karibuni, hasa kuanzia 2020 na tena 2024, maji yameingia mitaa ya ufukweni Rumonge, watu wamehama, nyua zinaonekana juu ya maji vichwa tu. Sheria ya maji ya 2012 inataka mita 150 kutoka ufuko ziachwe bila ujenzi. Kwa anayerudi na kukuta kwao kuko ndani ya mita hizo, hata mnyaa hautamsaidia.

Kwa anayejiandaa kurudi

Vijana wenzangu, jibu la swali lenu naona liko hivi. Anzeni kabla ya safari. Kaeni na wazee wenu mkiwa bado nao, waulize: irembo lilitazama wapi? Kona nne zilikuwa na miti gani? Jirani wa kila upande alikuwa nani, na watoto wake ni akina nani? Andikeni, chora ramani, hata kwenye daftari la shule. Mti peke yake hausemi, unahitaji mtu wa kuusemea, na wazee wetu wanaondoka mmoja mmoja.

Mkifika, msiwahi kuchomeka vijiti usiku au peke yenu. Iteni majirani, hata yule mnayemdai, na wazee wa kilima, ndipo mpande. Ua uliopandwa mbele ya mashahidi una nguvu ambayo ua wa haraka hauna. Na kabla ya kung'oa safu ya zamani mliyoikuta, ulizeni ilipandwa na nani.

Kwa ndugu zetu wa mashirika: mkigawa bati na milango, tengeni pia siku moja ya kutembea mipaka pamoja na majirani. Bati linaleta kivuli. Lakini familia italala kwa amani kuanzia siku ambapo watu wa pande zote nne wamesema, mbele ya wengine, "Hapa ndipo kwao panapoishia, na hapa kwetu panaanza."