Manowari na Adui wa Angani

Mwezi wa Oktoba 1940 ndege za Waitalia ziliuangushia mabomu mji wa Malindi. Watu wa pwani hii, waliozoea tangu kale kumtazamia adui atokee baharini, wakatambua kuwa hatari yaweza kushuka kutoka juu. Miezi kumi na minne baadaye, mabaharia wa manowari nao walipata somo lilo hilo, kwa hasara kubwa zaidi.

Tarehe 10 Desemba 1941, karibu na pwani ya Malaya, ndege za Kijapani zipatazo 85 zilizishambulia manowari mbili za Kiingereza, Prince of Wales na Repulse. Ile ya kwanza ilikuwa mpya, nayo ilikuwa na mizinga 16 iliyoweza kuelekezwa angani, mbali na ile midogo. Lakini topido, yaani kombora liendalo ndani ya maji, lilipiga penye chuma kizungushacho rafadha. Maji yakaingia, meli ikainama upande, umeme wa sehemu ya nyuma ukakatika, na mizinga ya huko ikakosa nguvu ya kugeuka. Meli zote mbili zilizama, watu 840 wakafa. Wajapani hawakupoteza hata ndege tano. Hapakuwa na ndege ya Kiingereza ya kuzilinda.

Aprili 1942 Wajapani waliishambulia Ceylon. Ndipo manowari nne kuukuu za Kiingereza, Resolution, Ramillies, Revenge na Royal Sovereign, zilipoondolewa huko zikaja Kilindini, kama kilomita sitini kusini ya Kilifi.

Je, huo ulikuwa woga? La. Mzinga humngojea adui afike karibu. Ndege humwendea mbali kabla hajaangusha bomu lake. Wala wingi wa mizinga peke yake hautoshi. Tarehe 7 Aprili 1945 Yamato ya Wajapani, iliyokuwa na mizinga ya kutungulia ndege zaidi ya mia moja, ilizamishwa na ndege za Wamarekani, nao wakapoteza ndege kumi hivi tu. Hiyo nayo ilikwenda vitani pasipo ndege za kuilinda.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Jemadari aliyezirudisha nyuma meli zisizo na ulinzi wa angani aliokoa maelfu ya mabaharia, na hiyo ni hekima, ijapokuwa haiimbwi sana kama ushujaa.