Legends in Exile
Legends in Exile ni kisa cha kwanza katika mfululizo wa katuni wa Fables, ulioandikwa na Mmarekani Bill Willingham na kutolewa na Vertigo, tawi la kampuni ya DC Comics. Kilianza kutoka mwaka 2002 katika matoleo 5, kikichorwa na Lan Medina. Mwaka 2003 kilipata Tuzo ya Eisner ya hadithi bora ya mfululizo.

Mandhari

Wahusika wa ngano za Ulaya wamefukuzwa kwao na mvamizi aitwaye Adui, nao wanaishi kwa siri jijini New York, katika mtaa wa Fabletown. Meya ni King Cole, lakini kazi yenyewe hufanywa na naibu wake, Snow White. Wasio na umbo la binadamu huwekwa shambani, mbali na jiji. Kila mkimbizi anayekubali sheria za jumuiya husamehewa makosa yake ya zamani. Ndiyo maana mpelelezi wa mtaa ni Bigby Wolf, yule mbwa mwitu wa ngano, sasa akiwa mtu mwenye koti na sigara.

Kisa

Jack, yule wa mti wa maharage, anatoa taarifa kwamba mpenzi wake Rose Red, nduguye Snow White, ametoweka. Nyumba yake imetapakaa damu. Washukiwa ni Jack mwenyewe na Bluebeard, tajiri ambaye katika ngano iliyoandikwa na Mfaransa Charles Perrault huwaua wake zake. Msomaji anayeikumbuka ngano hiyo humhukumu Bluebeard mapema, na hapo ndipo anapopotoshwa: msamaha umefuta makosa kisheria, lakini haukufuta kumbukumbu.

Mwishowe Bigby anawakusanya wahusika na kufafanua kila kitu, kama ilivyo desturi ya riwaya za upelelezi. Hakuna aliyeuawa. Rose Red alikuwa ameahidi kwa siri kuolewa na Bluebeard, akapokea fedha zake kabla ya ndoa, na Jack akazimaliza katika biashara ya intaneti iliyoanguka. Ili kukwepa ndoa hiyo, wawili hao walitoa damu ya Rose Red kidogo kidogo, wakaihifadhi, kisha wakaimwaga.

Matumizi ya ngano

Katika mkusanyo wa ndugu Grimm kuna wasichana wawili tofauti ambao kwa Kiingereza wote huitwa Snow White: mmoja aliishi na vibeti saba, mwingine ni nduguye Rose Red. Willingham amewafanya mtu mmoja. Vivyo hivyo, wana wa mfalme wa ngano kadhaa wamekuwa Prince Charming mmoja, aliyeoa na kuachika mara tatu. Baadaye mfululizo unamwingiza pia Sinbad, ambaye wasomaji wa Kiswahili wanamjua kutoka Alfu Lela Ulela.

Fables ilifikia toleo la 150 mwaka 2015, ikaendelezwa tena kuanzia 2022. Mchezo wa video The Wolf Among Us, ulioanza kutolewa 2013, unamrudisha Bigby katika miaka ya 1980, na safari hii mauaji ni ya kweli.