Mshipa wa Kisogoni

Huku Bukhayo mtu akianguka ghafla akishika kisogo, maelezo hayakosekani. Itatajwa presha, atatajwa jirani mwenye kijicho, na kuna atakayeuliza jana alikula kwa nani. Siwacheki watu wangu. Kwa miaka mingi hata madaktari hawakuwa na la maana zaidi la kusema, kwa sababu hawakuweza kuona ndani ya kichwa cha mtu aliye hai.

Ubongo mdogo, ule wa kisogoni unaotuwezesha kutembea bila kuyumba, hulishwa na jozi tatu za ateri. Ukuta wa ateri ukidhoofika, hutuna kama tyubu ya baiskeli inayochungulia kwenye tairi kuukuu. Uvimbe huo ndio anurizimu. Ukipasuka, damu humwagika kuzunguka ubongo: kichwa huuma kwa kishindo, shingo hukakamaa, mtu hutapika, pengine huzimia. Anurizimu za ateri hizi ni chache, ila zimejificha pabaya, jirani na shina la ubongo linaloongoza pumzi.

Si kwamba watu wetu waliogopa kufungua kichwa. Kusini mwetu, Wagusii walikuwa na mabingwa waliokwangua fuvu la mtu aliyeumwa kichwa baada ya kupigwa au kuanguka. Lakini walikomea kwenye utando unaofunika ubongo. Mshipa ulio chini yake hakuna aliyeuona.

Aliyeanza kuuona ni Egas Moniz wa Lisbon, mwaka 1927, alipotia dawa kwenye ateri za shingo na kupiga eksirei. Miaka kumi baadaye, Machi 1937, Walter Dandy wa Baltimore alibana shingo ya anurizimu kwa klipu ndogo ya fedha. Hiyo ilikuwa ateri ya mbele. Ateri za nyuma zilibaki zikiogopwa mpaka Charles Drake, katika mji wa London ulioko Kanada, alipoanza kuonyesha miaka ya 1960 kwamba hata huko mkono unaweza kufika, mgonjwa akaishi.

Na kwetu? Renato Ruberti, Mwitaliano, alianza upasuaji wa ubongo Nairobi mwaka 1967. Baadaye Jawahar Dar, kutoka India, alifanya kazi hiyo Kenyatta, kisha akaja Gerishom Sande, Mkenya wa kwanza katika fani hiyo. Wakati huo wote ilisemwa kwamba Mwafrika hapatwi sana na anurizimu. Hivi, ungejuaje bila kupiga picha? Mwaka 2009 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walichapisha hesabu ya wagonjwa wa Kenya. Kumbe walikuwepo.

Leo si lazima fuvu lifunguliwe. Tangu miaka ya 1990, daktari anaweza kupitisha mrija mwembamba kutoka kwenye paja hadi kichwani, akajaza uvimbe kwa nyuzi za platinamu. Utafiti wa mwaka 2002, wenye wagonjwa 2,143, ulionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja, waliokufa au kubaki wakitegemea wengine walikuwa asilimia 24 kwa mrija na 31 kwa klipu. Lakini wengi wao walikuwa na uvimbe wa ateri za mbele. Kwenye ubongo mdogo, mara nyingine tawi muhimu huchipuka kwenye uvimbe wenyewe. Ukiuziba umeliua na tawi. Hapo klipu bado ina kazi.

Yote hayo hutaka muda. Uvimbe uliopasuka unaweza kupasuka tena, na hatari ni kubwa zaidi katika saa 24 za kwanza. Kutoka Busia hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 400. Sisi ndio tuliozaa neno boda boda, baiskeli zikivusha watu kutoka kizuizi kimoja cha mpaka hadi kingine. Safari fupi tunazimudu. Hii ndefu hula saa za mgonjwa, na nyingi huwa zimeshaliwa nyumbani, kwa panadol na maswali.

Kwa hiyo mtu akikwambia kichwa kimempiga kama radi, hajawahi kuumwa hivyo tangu azaliwe, tusianze kutafuta aliyemkosea. Tutafute gari, na tukifika hospitalini tuombe skani ya kichwa siku hiyo hiyo.