Linki 500 kwa elfu arobaini?

Nilipotea kidogo, nilikuwa mazoezi ya kufundisha. Haya, nimerudi, na nimekuta balaa.

Mnakajua katovuti ketu ka notisi za Historia. Wasomaji ni wale wale, sisi na wadogo zetu. Sasa jamaa mmoja kaleta dili: tumpe elfu arobaini, atupatie linki kutoka tovuti 500, eti Google itatupandisha juu. Mhazini wetu anataka kulipa kesho. Mimi nimekataa, na kwa kuwa somo langu ni Historia, nawaletea historia.

Larry Page na Sergey Brin nao walikuwa wanafunzi, Stanford, Marekani (sawa, wao wa uzamivu, tusijilinganishe sana). Mwaka 1998 walieleza mbinu yao ya PageRank. Wazo lilitoka kwa wasomi: makala inayonukuliwa na wengi ina uzito, na ikinukuliwa na mzito, uzito unazidi. Basi linki ikahesabiwa kama kunukuliwa.

Tatizo ni kwamba ikishahesabiwa, inauzika. Yakazuka mashamba ya linki, tovuti kibao zinaelekezana zenyewe kwa zenyewe, msomaji hakuna.

Kisa ninachokipenda ni cha JCPenney, duka kubwa la Marekani. Februari 2011 gazeti la New York Times lilifichua kwamba linki za magauni yake zilipandwa kwenye tovuti zisizohusu nguo kabisa, nyingine za kamari! Google ikaiadhibu. Kwa masanduku ya safari ya Samsonite ilikuwa ya 1 saa moja usiku. Saa mbili baadaye ikawa ya 71. Duka lilikana kuhusika, likaachana na kampuni iliyokuwa inalishauri.

Mwezi huo huo ikaanguka Overstock. Hawa walikuwa wajanja zaidi: waliahidi punguzo kwa wanafunzi na wafanyakazi wa vyuo, vyuo navyo viweke linki. Yaani tovuti za vyuo zenye heshima zao! Bado ikahesabika kuwa ni kununua. Hapo ndipo nilipoelewa kuwa jina kubwa la anayekuelekeza halitoshi, lazima awe na sababu yake mwenyewe ya kukutaja.

Aprili 2012 Google ikaleta Penguin kuwabana wote wa aina hiyo. Tangu 2016 linki mbovu mara nyingi haziiangushi tovuti, hazihesabiwi tu. Kwa hiyo elfu arobaini yetu, pesa ya boom jamani, italiwa kimya kimya.

Nimependekeza tuwaandikie walimu wa Historia kwenye shule tulizofanyia mazoezi. Zenye tovuti zituweke pale wanafunzi wao wanapotafuta notisi. Mhazini anasema hiyo ni kazi ya miezi, na kweli ni ya miezi.

Kikao kesho saa kumi jioni, chumba kile kile. Njooni mpige kura, maana mpaka sasa tunaokataa tuko wawili tu.