Kaunta, Daftari na Taadhima: Lugha ya Wauza Duka wa Uingereza

Mtu aingiaye katika duka la Kiingereza lililoshika desturi za kale huitikiwa haja yake kwa namna ya pekee: muuzaji haendi rafuni mara moja, bali kwanza huirudia haja ile kwa sauti laini, ratili moja ya chai, bibi, na nusu ratili ya siagi, kisha huongeza kwamba bila shaka itapatikana, na mwisho huuliza kama liko jambo jingine analoweza kumtumikia. Wengi wamedhani upole huo ni tabia ya taifa zima, na vijana wetu wanaosomea kazi ya dukani au hotelini hukaririshwa maneno hayo kana kwamba yalizaliwa pamoja na lugha yenyewe. Tarehe ya biashara ya Uingereza yasema vingine. Maneno yale yalitokana na kaunta, na daftari la deni, na hofu ya kufukuzwa kazi, na aghalabu waliokuwa wakiyatamka kutwa nzima walikuwa vijana waliokosa hata nafasi ya kukaa kitako.

Mwanzoni mwa karne ya 18, Daniel Defoe, ambaye kabla ya kupata sifa ya utunzi alikuwa mfanyabiashara wa soksi, na ambaye mwaka 1692 alifilisika kwa wingi wa madeni, alitunga kitabu cha nasaha kwa wafanyabiashara, kilichotoka London na kuandikwa tarehe ya 1726. Humo aliwausia wauza duka wazike hasira zao wawapo mbele ya wateja, hata kama mabibi watapindua vitambaa vya thamani kwa saa nzima na kwenda zao bila ya kununua hata yadi moja. Akasimulia habari za muuza duka mmoja aliyesifiwa kwa upole wake, ambaye subira ilipomshinda hupanda ghorofani kwake, akampiga mkewe na kuwarusha watoto wake mateke, kisha akaketi akilia kuliko wao, na dhoruba ilipokwisha hushuka tena dukani mnyenyekevu na mtulivu vile vile kama alivyokuwa. Defoe alikitaja kisa hiki kuonyesha uzito wa kazi yenyewe. Mimi kila nikikisoma huwafikiria zaidi watoto wale.

Lakini duka la zama za Defoe lilikuwa bado duka la kupatana. Msomaji aliyepata kununua kanga Darajani, Unguja, anaijua hali hiyo bila ya kuelezwa: bei hutajwa juu, hushushwa, hulalamikiwa, huapiwa, na katika mvutano huo muuzaji na mnunuzi huwa wamekwisha kuthibitishiana mara kadha wa kadha kitu gani kinatakiwa, kiasi gani na kwa thamani gani. Waliotangulia kuiacha desturi hiyo Uingereza kwa ajili ya imani yao ni watu wa madhehebu ya Marafiki, ambao wenzao wa Marekani ndio waliokuja kujenga misheni ya Kaimosi, magharibi ya Kenya, mwaka 1902. Wao waliona kwamba kutaja bei usiyokusudia kuipokea ni uongo, na kiongozi wao George Fox aliwahimiza, katika karne ya 17, wataje bei moja tu, hata mtoto akitumwa dukani kwao asipunjwe. Walidhihakiwa kwanza, baadaye wateja wakawamiminikia. Polepole bei moja ikaenea hata kwa wasiokuwa wa imani ile, na ulimi wa muuzaji ukapokonywa kazi yake iliyokuwa kubwa kuliko zote, ukabakiwa na kuitika, kurudia na kushukuru.

Walakini bei moja peke yake haikuleta taadhima. Robert Owen, Mwelshi ambaye baadaye alisifika kwa fikira zake za ujamaa na ushirika, alifanya kazi akiwa kijana, katika miaka ya 1780, kwa Flint na Palmer, duka lililokuwa kwenye Daraja la London na lililouza kwa bei moja, kwa faida ndogo na kwa fedha taslimu. Katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1857, anasema kwamba kitu kilichoulizwa kililetwa, kikachukuliwa, kikalipiwa, bila ya maneno mengi. Saa mbili asubuhi alitakiwa awe amesimama kauntani, nywele zimetiwa mafuta na unga mweupe na kusukwa mkia mgumu kisogoni. Wateja walikuwa wakija hata saa nne na nusu usiku, na baada yao vitambaa vilivyofunuliwa kutwa vilikuwa vikingoja kukunjwa na kupangwa, kazi iliyoweza kufika saa nane za usiku, hata kijana yule akipanda ngazi kwenda kulala ilimbidi ajivute kwa mikono. Wanunuzi wa duka lile walikuwa watu wa kawaida wenye shilingi zao mkononi, nao walitosheka na haraka. Taadhima ndefu walikuwa wakiwekewa wengine, wale walionunua kwa mkopo.

Bibi wa nyumba kubwa wa zama za Malkia Victoria hakuwa na haja ya kubeba fedha dukani, maana haja zake ziliandikwa daftarini na hesabu ikapelekwa nyumbani baada ya miezi kadha. Wala bidhaa za chakula hazikuwa na vifurushi vyenye kuandikwa majina kama tuzionavyo sasa: chai ilikaa katika makopo makubwa na kupimwa kwa wakia, sukari iliingia dukani ikiwa mabonge marefu yaliyochongoka juu ambayo yalikatwa kwa koleo, siagi ilichotwa ikapigwapigwa kwa vibao viwili vya mti mpaka ikapata umbo, jibini ilikatwa kwa waya, na vyote hivyo vilikuwa nyuma ya kaunta, mahali ambapo mkono wa mnunuzi haukufika. Bibi alikaa juu ya kiti alichowekewa mbele ya kaunta, akataja haja yake ya kwanza. Muuzaji akairudia kwa sauti huku akiiandika, akapima, akafunga kwa karatasi na uzi, kisha akauliza kitu cha pili ni kipi, na hivyo hivyo hata orodha ikaisha, na mwisho akaisoma yote tangu juu hata chini kabla ya mtumishi wa duka kupewa kikapu apeleke nyumbani. Kama asingeirudia, na mzigo ukafika ukiwa na ratili mbili badala ya moja, ugomvi ungezuka siku ya hesabu, baada ya chai yenyewe kwisha kunywewa, na pasiwe na shahidi ila kumbukumbu za watu wawili, ambao mmoja wao hakuthubutu kumwambia mwenziwe kuwa amesahau. Kurudia kule, basi, kulikuwa ushahidi wa mkataba uliofungwa kwa mdomo. Na kwa kuwa mtu wa daraja ya chini ndiye aliyekuwa akimhakiki mtu wa daraja ya juu, jambo lisilopendeza katika nchi yenye kushika madaraja kama ile, uhakiki ulivikwa joho la "naam, bibi" na "bila shaka, bwana" ili usionekane uhakiki. Hata yalipoenea madaftari ya nakala mbili yenye karatasi ya kaboni katikati, desturi ya kusoma kwa sauti kilichoandikwa haikuachwa.

Maduka ya nguo yalizidisha. Humo mlikuwa na nyapara, amevaa koti refu jeusi, aliyempokea mteja mlangoni, akamuuliza haja yake, akamfikisha kwenye kiti, kisha akaita kwa sauti kijana wa kumhudumia. Kijana hakuruhusiwa kusema kwamba kitu hakipo, bali aseme kwamba kwa sasa kimekwisha na kwamba angefurahi kumwagizia bibi. Na mteja akitaka kuondoka mikono mitupu, ilimpasa kijana amwite nyapara kwanza. William Whiteley, aliyefungua duka lake mtaa wa Bayswater mwaka 1863 na kulikuza hata akajisifu kuwa aweza kumpatia mteja cho chote, tangu pini hata tembo, aliwawekea watumishi wake kanuni 176, na aliyeivunja mojawapo alitozwa faini. Bei zilipendwa ziishie kwa robo tatu za peni, na mnunuzi aliyestahili kurudishiwa robo moja aliweza kupewa badala yake kikaratasi cha pini, naye muuzaji akamshukuru kana kwamba ni yeye aliyepewa. H. G. Wells, aliyekuwa mwanagenzi wa duka la nguo huko Southsea kati ya mwaka 1881 na 1883 na kuichukia kazi ile kwa moyo wake wote, aliiingiza katika riwaya yake ya Kipps, iliyotoka mwaka 1905.

Sheria ya mwaka 1886 ilipunguza saa za kazi za walio chini ya umri wa miaka 18 zisizidi 74 kwa juma, na huko ndiko kulikoitwa kupunguza! Sheria ya mwaka 1899 ikawataka wenye maduka waweke kiti kimoja kwa kila wanawake watatu wanaouza. Miongoni mwa waliopigania haki hizo alikuwa Margaret Bondfield, aliyeanza kuuza dukani akiwa na umri wa miaka 14, na ambaye mwaka 1929 akawa Waziri wa Kazi, mwanamke wa kwanza kuingia katika baraza la mawaziri la Uingereza.

Wakati huo kaunta yenyewe ilikuwa imekwisha kupata adui. Harry Gordon Selfridge, Mmarekani aliyejifunza kazi Chicago, alifungua duka lake Oxford Street tarehe 15 Machi 1909, akawaacha watu watembee na kutazama bila ya kuulizwa wanataka nini. Mwaka 1950 Sainsbury, wenye maduka ya vyakula, waligeuza duka lao la Croydon likawa la kujihudumia mwenyewe, na Alan Sainsbury alisimulia kwamba mteja mmoja, alipopewa kikapu cha waya ili akusanye vitu vyake kwa mkono wake, alimrushia kikapu kile. Mteja huyo alikosa adabu, lakini hasira yake naielewa, maana kazi ya mtumishi ilihamishiwa kwake na heshima iliyoambatana nayo ikaondolewa siku hiyo hiyo.

Maneno yenyewe hayakufa. Yamesalia zaidi kwa mhudumu wa hoteli, kwa muuza dawa na kwa apokeaye maagizo kwa simu, mahali ambapo kitu kinachotakiwa hakipo mkononi mwa anayekitaka na kosa lina gharama yake. Basi mwalimu anayewafundisha vijana wetu Kiingereza cha dukani na aanze na lile daftari la nakala mbili, awaeleze lilikuwa la nini, kisha ndipo awafikishe kwenye "bwana" na "bibi".