Mto Tana: Njia ya Mitumbwi na Desturi za Kingo Zake

Mto Tana waanza katika milima ya Nyandarua na Mlima Kenya, nao waenda kilomita 1,000 hivi mpaka kutoka baharini hapo Kipini. Wapokomo, wakulima wa kingo zake za chini, huuita Tsana. Lugha yao ni ndugu ya Kiswahili, kama vile Kigiriama na Kingazija.

Mtu atakaye kujua maisha ya watu hawa yafaa ashuke mto kwa mtumbwi, wala asifanye haraka. Mtumbwi ni gogo moja lililochongwa. Mwendeshaji husimama na kuusukuma kwa upondo, na penye kina hushika kafi. Kushuka ni kazi nyepesi, maana mkondo wenyewe huchukua. Kupanda ni jasho, nao hufuata ukingo ambapo maji yana nguvu chache. Njiani twaona wanawake wakiteka maji huku wakimwangalia mamba, na wavuvi wakitega migono.

Tukitazama vema twaona ya kuwa ukingo ni juu kuliko nchi iliyo nyuma yake. Sababu yake ni mafuriko: mto ukifurika huacha tope lake zito kwanza karibu na maji. Basi juu ya ukingo ziko nyumba, migomba na miembe, na nyuma bondeni hulimwa mpunga. Kwa hiyo zamani kila ukoo ulipewa kipande kilichotoka majini kikaenda hata nyuma, ili usikose nchi ya juu wala ya chini. Wazee wa baraza liitwalo Gasa ndio walioamua magomvi ya mipaka.

Wako pia Waorma, wafugaji wa ng'ombe, ambao wakati wa kiangazi hawana budi kuufikia mto. Njia za mifugo kati ya mashamba huitwa malka, nazo ziliwekwa kwa mapatano: mkulima asipande njiani, na mchungaji asitoke nje yake.

Karibu na bahari mto wenyewe umehama. Katika karne ya 19 watu walichimba mfereji mdogo, Belezoni, ili mitumbwi ipite kutoka Tana kuingia mto Ozi. Mafuriko yaliupanua, hata Tana yote ikaufuata na kuacha mlango wake wa zamani. Ndiyo maana leo yatoka Kipini. Huko Ozi wakulima wa mpunga hutumia bahari kwa akili: maji yakijaa pwani huyasukuma maji matamu ya mto yakaingia mashambani. Lakini mto ukipungua, ni maji ya chumvi yanayopanda.

Na mafuriko yamepungua. Kati ya 1968 na 1988 yalijengwa mabwawa matano ya umeme huko juu: Kindaruma, Kamburu, Gitaru, Masinga na Kiambere. Bwawa kubwa la kuweka maji ni Masinga, lililomalizika 1981. Miji imepata taa, lakini mabonde ya chini hayapati tena maji na tope kwa kadiri ya zamani. Maji na malisho yakiwa haba, mkulima husogea penye njia ya ng'ombe, na mchungaji huingia shambani. Mwaka 2012 ugomvi wa Wapokomo na Waorma uliua watu zaidi ya 100.

Wengine husema ni chuki ya kabila na kabila. Sisi twaona kwamba hayo hayatoshi. Mapatano ya kingo yalifanywa kwa kadiri ya mto uliofurika; mto ulipobadilishwa, hakuna aliyewaita wazee wa pande zote mbili wapatane upya. Kwa hiyo twawaomba wasomaji wetu wa huko waandike majina ya malka zote wanazozijua, na mahali zipitapo, na maneno ya mapatano yake, maadamu wako wazee wanaoyakumbuka. Njia iliyosahauliwa jina lake hulimwa upesi, na aliyeilima hujiona hana kosa.