Milipuko ya Jua hubadili uga wake wa sumaku

Wakazi wa Garsen wanajua kuwa Mto Tana ukifurika huweza kuuhama mkondo wake wa kale. Jua nalo lina mafuriko yake. Milipuko yake hurusha mabilioni ya tani za gesi yenye chaji ya umeme, ikichukua sehemu ya uga wa sumaku uliosokoteka; sehemu inayobaki hujiunga upya. Hivyo uga mkongwe huondolewa, na kila miaka 11 hivi ncha za sumaku hubadilishana.

Mnamo Machi 25, 1988, setilaiti ya San Marco D/L ilirushwa kutoka Ngomeni, katika Ghuba ya Ungwana ambamo Tana humwaga maji, kuchunguza athari za Jua kwenye anga ya juu. Athari hizo huweza kuvuruga mawasiliano ya redio.